Swali la Mzee Modesti

Mwaka ule wa 1949 Chama cha Wafua Chuma kilinichagua niandike historia yake. Mimi ndiye mwalimu, na babu yangu alikuwa mfua chuma, basi nani mwingine? Kuyeyusha chuma kulikuwa kumekoma siku nyingi. Watoto wetu walidhani majembe huota kwenye duka la Halfani pale Sumbawanga. Chama kilitaka siku ya mkutano mkuu watu wasomewe jinsi wazee walivyofanya kazi, mwanzo mpaka mwisho.

Ilibaki sura moja: kuwasha tanuri. Aliyeijua alikuwa mmoja tu, Mzee Modesti, fundi wa mwisho, aliyeishi nyuma ya kilima hapa kwetu Kate. Nilikwenda jua likizama, daftari kwapani. Nilimkuta ameketi kando ya tanuri lake la udongo, refu kuliko watu wawili, limeota nyasi juu.

"Shikamoo, babu."

Badala ya marahaba, akaniuliza:

"Mkeo ana mimba?"

Kwetu mimba haitangazwi. Anayeiulizia magharibi, tena mimba ya mke wa mtu, huyo ni mwanga, anatafuta cha kula. Agnesi wangu alikuwa na miezi saba, baada ya miaka tisa ya kungoja. Tuliificha chini ya kaniki, hata mama yangu hakujua.

"Hana, babu."

"Sema kweli, mjukuu wangu."

"Haki ya Mungu, hana."

Akashusha pumzi, akaanza kusimulia. Tanuri ni bibi harusi, alisema. Hupambwa, huimbiwa, na chuma chake ndicho mtoto. Mafundi hulala mbali na wake zao mpaka lizae. Niliandika mbio mbio, nikifurahi, mjinga mimi.

Kisha nikasikia...

Hhhh... Hhhh...

Matanuri yetu marefu hayavukutwi. Huvuta hewa yenyewe. Na lile lilikuwa linavuta. Harufu ya makaa ikanijia puani, na nyasi za juu zikaanza kujikunja.

"Nani amewasha?" nilinong'ona.

"Sisi. Mimi kwa mdomo, wewe kwa masikio. Ukilisimulia lote, umeliwasha. Ndiyo maana wazee hawakuandika."

"Halina mawe ya chuma ndani, babu. Litazaa nini?"

"Likikosa mawe, huchukua mimba ya msikilizaji." Akaniangalia. "Lakini wewe umeniapia huna."

Nilikimbia.

Njiani nilichana zile kurasa, nikazitafuna, nikazitema. Pumzi ile ilinifuata mgongoni mpaka nikaona nyumba yangu. Cornelia mkunga, aliyekuwa amekimbilia kilio cha Agnesi, alikuwa amesimama mlangoni, mikono yake myeusi hadi viwiko.

"Masizi haya yametoka wapi, mwalimu?" aliuliza kwa sauti ndogo. "Mtoto hutoka na masizi?"

Akanipa kifurushi cha kaniki. Nilikipokea kwa mikono miwili, kama mtu anavyopokea mtoto.

Kikanipigisha magoti.

Kilikuwa kizito, na bado cha moto. Sikukifungua. Mpaka leo sijui mle mlikuwa na nini, na Cornelia hataki kusema.

Agnesi alikuwa amelala, uso ukutani.

"Ulimwambia nani?"

"Sikumwambia mtu, mke wangu."

Hakuniamini. Na laiti ningemwambia mtu mmoja tu, yule mzee, mwanangu angekuwa hai. Hatukujaliwa tena.

Mzee Modesti alikufa wiki ile ile, kwa hiyo sura ile sasa ninayo mimi peke yangu. Kila mkutano mkuu wanachama hunisihi: mwalimu, tusimulie ile ya tanuri, urithi wetu usipotee. Mimi huuliza kwanza.

"Nani kati yenu mkewe ana mimba?"

Huwatazama vijana waliooa juzijuzi. Nao hutazama chini.

"Hakuna, mwalimu," hujibu wote kwa pamoja.

Kisha husogeza viti, wanisikie vizuri.