Hakuambiwa Aachie

Haya yalimpata binti wa shangazi yangu, na atakayebisha namkaribisha kwao akaone mwenyewe. Chuoni walimwita Bisibisi kwa wembamba wake, lakini mikono yake, we! Nati iliyowashinda wanaume watatu, yeye aliibembeleza mpaka ikakubali. Mwaka wa mwisho chuo kilimpeleka gereji moja akajifunze kwa vitendo miezi mitatu. Fundi aliyepewa amfundishe alikuwa mzee mkavu wa mwili, mpole, anayeyajua magari kama mama anavyowajua wanawe.

Tatizo la mzee yule lilikuwa moja. Kazi ya watu wawili aliimaliza peke yake, tena haraka. Mwanafunzi aliyetangulia pale, kijana wa mama mshonaji wa mlango wa pili, alirudishwa kwao akiwa mgonjwa wa mguu wa kulia, na hospitali hawakuona kitu. Watu wakanong'ona. Bisibisi akaanza kumtazama fundi wake kwa jicho la pembeni. Hata maji aliyopewa na mzee hakuyanywa, aliyamwaga nyuma ya matairi mabovu.

Asubuhi moja walikuwa wanatoa upepo kwenye breki za pikapu. Asiyeijua kazi hii nimweleze. Mmoja hukaa kiti cha dereva, mwingine hulala chini penye tairi, spana mkononi. Wa chini huita, "Kanyaga!" Wa juu hukanyaga mara tatu, akaishikilia pedali, akajibu, "Nimeshika!" Wa chini hulegeza skrubu, mafuta yatoke na upepo, akaze, ndipo aseme, "Achia!" Asipoambiwa, wa juu haondoi mguu hata aumwe na siafu. Ndiyo sheria ya kazi.

Fundi alikuwa juu, Bisibisi chini. Tairi la kwanza, la pili, mambo yanakwenda kama maji. Walipofika la tatu akaita, "Kanyaga!" Pedali ikalia. Moja, mbili, tatu.

"Nimeshika!"

Akalegeza. Mafuta yakatoka na mapovu. Akageuza shingo afute jasho, na hapo akaviona viatu vya fundi wake. Vilikuwa nje ya lango, vinavuka barabara, vinatoka dukani.

Sasa juu kuna nani?

Sauti ile, alipoikumbuka vizuri, haikuwa ya mzee. Ilikuwa ya kijana, tena aliyechoka. Akajiburuta akatoka, akachungulia dirishani. Kitini hapakuwa na mtu. Pedali ilikuwa imezama mpaka chini, na imetulia hukohuko.

Fundi akaingia na chupa ya mafuta ya breki. Akamtazama binti, akaitazama pedali. Akanong'ona, "Umemwambia aachie?"

"Nani, fundi?"

"Panda. Mpokee."

Ungekuwa wewe ungekimbia, najua, hata mimi. Lakini zilibaki siku nne tu amalize, na mtoto wa maskini hatupi cheti kwa hofu ya asubuhi moja. Akapanda. Akaweka mguu. Chini ya soli yake akahisi vidole vya mguu wa mtu, vya baridi, vikijivuta polepole kutoka.

Fundi akalala chini. "Kanyaga!"

Moja. Mbili. Tatu.

"Nimeshika!"

Akangoja. Paja likaanza kutetemeka. "Fundi, niachie?" Akainua macho. Mzee alikuwa bombani, ananawa mikono kwa sabuni, kampa mgongo. Hakugeuka.

Bisibisi aliondoa mguu akatoka mbio, akaacha mpaka begi lake.

Kesho yake saa nne asubuhi, amekaa jikoni anamenya vitunguu, mguu wake wa kulia ukaanza wenyewe. Moja, mbili, tatu, kisha ukakandamiza sakafu na kugoma. Shangazi akauvuta. Mjomba akauvuta. Ungedhani wanang'oa kisiki! Jioni, saa ambayo gereji hufungwa, ukalegea. Kulipokucha, yaleyale.

Shangazi alikwenda gereji kwa miguu, analia njia nzima. Alimkuta kijana wa mshonaji, yule aliyekuwa kitandani miaka miwili, ameinama kwenye injini, mzima kabisa, anapiga mluzi. Mshonaji alipomwona shangazi alifunga dirisha lake.

Shangazi akapiga magoti mbele ya fundi. "Baba, sikulaumu, sikushtaki. Nakuomba neno moja tu. Mwambie aachie."

Mzee alitokwa na machozi, hilo shangazi hawezi kumnyima. Akanong'ona, "Mama, nikimwachia huyu, nani atashika?"

Huu ni mwezi wa saba tangu siku ile. Chuoni jina lake wamelifuta. Tumezunguka kwa waganga na kwa madaktari, wote wametikisa kichwa. Mahali anapokaa Bisibisi sakafu ya saruji imebonyea, kishimo cha upana wa unyayo mmoja. Jioni mguu ukilegea, shangazi hukausha majimaji ya mle kwa kitambaa. Mwezi jana nilikamua kitambaa hicho kwenye chupa, nikampelekea fundi mwingine, wa mbali, asiyetujua. Alinusa mara moja tu. Akasema ni mafuta ya breki, tena yametoka kwenye gari sasa hivi, kwa sababu bado yana mapovu.