Mgeni Aliyejiposea

"Unakwenda wapi na begi lote hilo?"

"Mtwara. Halafu Msumbiji."

"Leo?"

"Saa hii, Saida. Bodaboda wa kunipeleka Nangurukuru kwenye basi ako njiani."

Alinipa ufunguo wa chumba namba sita. Kazi yangu pale mapokezi ya gesti ni kupokea funguo, lakini ule nilishindwa kuutundika. Saad alitoka kwao Mumias, Kenya, mwaka jana, na begi la mgongoni lenye hema na jiko dogo la gesi. Akapita Uganda, Rwanda, Burundi. Kilwa Masoko alikuja kulala siku mbili. Hii ilikuwa wiki ya tisa.

"Ulitaka kuondoka bila kuniaga?"

"Si ndiyo nimesimama hapa nikuage?"

Nikamwekea simu yangu mezani. Asubuhi ile dada yangu Warda, anayeishi Lindi, alikuwa amenitumia picha ya ukurasa ambao Saad huandika habari za safari yake. Chini yake Warda ameandika: "Huyu si mgeni wako? Nimeituma kwenye grupu la familia. Baba ameisoma."

Na Saad alikuwa ameandika hivi: "Tanzania nimeipenda na imenichosha. Wanakusalimia mpaka unasahau ulichokuja kuuliza. Wanakulisha wali wa nazi, wanacheka na wewe, na siku kumi na moja zinapita hakuna mwenye ujasiri wa kukwambia hapana."

"Wali aliupika mama yangu," nikamwambia. "Aliyecheka na wewe ni baba yangu."

"Sikutaja jina la mtu."

"Umetaja wali. Imetosha."

Akashusha begi chini kwa kishindo.

"Basi niambie wewe! Nilienda kwa baba yako, nikakaa kwenye mkeka, nikamwambia nataka kumuoa Saida. Akasema nini? 'Tumekusikia, kijana, karibu chakula.' Siku kumi na moja! Kwetu mtu akikataa anakataa, unapanda gari unaenda."

"Nani kakwambia amekataa?"

"Kwani amekubali?"

"Akubali nini, Saad? Ulimtuma nani?"

"Nilijituma. Mimi ni mwanaume."

Hapo nikaanza kuelewa, na hasira yangu ikakosa pa kukaa. Siku zote zile, akitoka kuswali magharibi, baba aliniuliza, "Watu wa yule kijana mbona hawaji?" Nami nilinyamaza, nikidhani Saad anajivuta. Ningeanzaje kumhimiza mwanamume aje kuniposa?

"Mwenye kuposa haendi mwenyewe," nikamwambia. "Anakwenda mshenga, na barua. Jibu anapewa mshenga. Baba alijua umekwenda kujitambulisha tu. Mpaka leo anamsubiri mtu wako."

"Kwetu wazee wanakuja baadaye, ukishajua baba hana shida." Akajishika kichwa. "Na mshenga nimtoe wapi? Huku mimi najua watu wanne!"

Mama Apolonia, mwenye gesti, alikuwa akitusikiliza kutoka jikoni wala hakujificha.

"Ningekwenda mimi," akasema akijifuta mikono, "ila mwanamke, tena Mkatoliki wa Kipatimu, baba yake Saida, Mzee Fakihi, atadhani nimempelekea machungwa ya kwetu. Muiteni Mudathiri."

Mudathiri anauza supu ya pweza sokoni. Saad alikuwa akinywa kwake kila asubuhi. Alikuja na aproni yake mwilini.

"Bwana Saad! Umeamkaje? Mama huko Mumias hajambo?"

"Hajambo. Mudathiri, nisaidie..."

"Na wadogo zako?"

"Wazima wote!"

"Leo hukuja kunywa supu. Unaumwa?"

"Siumwi! Nataka kuoa!"

"Ala! Na unasema huumwi."

Bodaboda alipofika, Mama Apolonia alimwamuru azime pikipiki yake akae kivulini. Saad aliandika barua, nikamsahihishia salamu. Mudathiri akaenda kuoga, akavaa kanzu na kofia, akaipeleka nyumbani kwetu, mtaa wa pili. Alirudi kabla ya adhuhuri.

"Mzee anakuuliza, bwana. Mtu aliyechoshwa nasi kwa siku kumi na moja, atakaa na mwanangu miaka mingapi? Kaniambia nisirudi kwake bila jibu."

Saad akatoka nje. Akaingia. Akatoka tena. Nilimwacha, maana jibu lile hata mimi nililitaka. Asubuhi anaisifu Kilwa, mchana imemkera. Mimi nitamkera saa ngapi?

"Mwambie sijui," alisema mwishowe.

"Huo mdomo!" Mama Apolonia akashtuka. "Hata kudanganya kidogo?"

"Mwambie nchi hii naipenda na inanichosha, na sioni kama itaacha. Mumias pia ilinichosha, ndiyo nikabeba begi. Kila mahali nilipokereka nilihama. Hapa nimekereka tangu wiki ya pili na sijahama. Sababu yake anaijua, alimzaa yeye."

Mudathiri akamtazama, kisha akanitazama mimi.

"Nimpelekee hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo. Na nitaandika kwa watu wote kwamba aliyekosea njia ya kuuliza ni mimi. Namwomba radhi, yeye na mama."

Haikupita nusu saa simu yangu ikaita. Nikaweka spika.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mshenga yuko hapa. Maneno ya yule bwana yametuchekesha, lakini hakunipaka mafuta. Mama yako karidhia, nami nimeridhia. Limebaki lako. Saida, unamtaka?"

Nikanyamaza. Kwetu binti asiyetaka husema. Anayetaka hunyamaza, na wazazi wakaelewa.

Saad akaja mbele yangu, macho yamemtoka.

"Saida! Mbona husemi? Sema kitu! Baba anangoja!"

Upande wa pili wa simu mama akapiga kigelegele. Mama Apolonia akakidaka, akampungia bodaboda mkono aende zake.

"Ni nini? Amekataa?" Saad akamgeukia Mama Apolonia, akanigeukia mimi. "Si mtu aniambie! Saida, ni ndiyo?"

Sikumjibu. Baba alikuwa bado yuko hewani.