Nyayo Kwenye Dari ya Mpangaji

Ilikuwa saa kumi na moja jioni, mwezi wa Januari, na giza la Milwaukee, huku Marekani, lilikuwa limeshashuka. Nilitoka na nyundo kwenda kusimamisha kibao cha NYUMBA YA KUPANGA.

Mpangaji wa tatu kuhama ndani ya miezi mitano.

Nilikuwa na hasira ya kutaka kulia. Tulinunua nyumba hii Agosti, mimi na mume wangu Curtis. Ni nyumba ya familia mbili, moja juu, moja chini. Mpango ulikuwa rahisi hata mimi niliyeacha shule mapema niliuelewa. Sisi tukae chini na binti yetu Tillie, juu tupangishe, na kodi ya juu ilipe sehemu kubwa ya mkopo.

"Mpangaji ndiye atakayetununulia nyumba, mama," Curtis aliniambia, akicheka kama mtu aliyeokota pochi barabarani.

Sharti la benki lilikuwa moja: lazima tuishi humo sisi wenyewe mwaka mzima. Basi hatukuweza kuhama, na wapangaji hawakuweza kukaa. Malipo ya Desemba yalitushinda. Benki ilishaandika barua, na barua ya pili isingekuwa ya kubembeleza. Tungepoteza nyumba.

Wala wapangaji hawakuwa watu wabaya. Wa kwanza alikuwa fundi wa lifti. Alihama baada ya wiki sita bila neno, akaacha funguo kwenye bahasha pamoja na peremende ya Tillie. Kisha wakaja mume na mke. Walipoondoka, yule mama alikuwa amelisugua jiko mpaka linang'aa. Nilimuuliza kwa nini wanahama. Alinikumbatia tu.

Asubuhi hiyo mpangaji wa tatu naye, muuguzi Marisol, alinishika mkono na kusema atahama Jumapili.

Nikapiga kibao nyundo. Ardhi ilikuwa imeganda. Mti wa kibao uliruka kana kwamba naupigilia kwenye jiwe. Nikajaribu kando ya uzio. Jiwe. Nikajaribu chini ya dirisha. Jiwe. Vidole vilikufa ganzi, nikatukana neno ambalo Tillie hapaswi kulisikia.

Mwishowe nikausimamisha karibu na ngazi ya mbele, nipumzike tu.

Ukazama.

Wenyewe. Bila nyundo.

Niliinama. Sehemu ndogo, upana wa sahani, haikuwa na theluji. Udongo wake ulikuwa mweusi, laini... na ulikuwa unatoa mvuke. Nikaugusa. Ulikuwa na joto, kama kitanda ambacho mtu ametoka kuamka. Ulinuka mshumaa uliozimwa.

Kisha mti wa kibao ukatikisika mkononi mwangu.

Tk. Tk. Tk.

Kitu kilikuwa kinaugonga kutoka chini.

"Mama Tillie!" Dirisha la juu lilifunguliwa. Marisol alichungulia, uso mweupe. "Njoo. Njoo sasa hivi, uone mwenyewe."

Nilipanda ngazi mbili mbili. Chumbani kwake masanduku yalikuwa wazi, nguo zimekunjwa nusu. Alizima taa kubwa, akabakisha ndogo ya kando ya kitanda, akaninong'oneza sikioni.

"Sikutaka kukwambia. Una mtoto mdogo, utalalaje? Lakini nimekuona pale nje unahangaika na baridi, nikasema hapana, huu ni ukatili. Angalia juu."

Nikaangalia.

Nyayo. Nyayo za tope, za miguu mitupu, zilikuwa zimetoka dirishani, zikapita kwenye dari, mpaka juu ya mto wake.

"Pengine ni maji yanavuja," nilisema.

"Maji yana vidole, dada?"

"Zinakuja saa ngapi?"

"Giza likiingia. Nyamaza... sikiliza."

Tup.

Sauti ilikuwa laini, ya mguu mtupu kwenye sakafu. Ila ilitokea juu yetu.

Tup... tup.

Harufu ya mshumaa uliozimwa ikajaa chumba. Na mbele ya macho yangu, kwenye rangi nyeupe ya dari, kisigino kikajichora. Kisha unyayo. Kisha vidole vitano, kimoja baada ya kingine.

Unyayo ulikuwa mbichi.

Tone la tope likadondoka kwenye paji la uso wangu. Lilikuwa na joto.

Hatukupiga kelele. Tulishikana mikono kama watoto, tukatoka kinyumenyume.

Nilijua. Huku Milwaukee kila mtu anajua. Anayetaka nyumba yake iuzike haraka hununua sanamu ndogo ya Mtakatifu Yosefu, na kuizika mbele ya nyumba, kichwa chini miguu juu. Nyumba ikishauzwa, anamfukua, anamwomba radhi, anaenda naye kwenye nyumba mpya na kumweka mahali pa heshima. Asipomfukua, Yosefu ataendelea na kazi aliyotumwa. Atawatoa watu. Nyumba itauzwa tena, na tena.

Mtu alikuwa amesahau kumfukua.

Nilichukua kijiko kikubwa cha supu nikachimba. Curtis alinikuta nimepiga magoti kwenye theluji.

"Umeanza kupanda viazi Januari?"

"Nyamaza, shika tochi."

Alicheka. Kisha akaona mvuke, akaacha kucheka.

Miguu ndiyo iliyotangulia kuonekana. Nyayo mbili za plastiki, ndogo kuliko kucha zangu, zikitazama mbingu. Nikamvuta taratibu. Urefu wa kidole tu. Uso wake ulikuwa umeelekezwa nyumbani kwetu.

Hapo hasira yote ya miezi mitano ikapata mwenyewe. Nilimpigia simu Delphine Pruitt, aliyetuuzia nyumba.

"Ulishindwa nini kumfukua?" nilimfokea kabla hata ya salamu. "Dakika tano tu! Wapangaji wangu wanakimbia, benki inatuandama, nina mtoto!"

Nilisikia anavyopumua.

"Mwanangu," alisema, "mimi sikuzika kitu. Nyumba ile sikutaka kuiuza. Niliondoka nalia. Wapangaji wanne walinikimbia, na mimi nikashindwa kulipa."

"Basi nani?"

Akauliza polepole, "Bi Halina bado anawaletea mkate?"

Bi Halina ni jirani yetu wa upande wa kushoto, mwanamke wa miaka zaidi ya themanini. Siku tuliyohamia alikuja na mkate mweusi wa moto na chumvi kidogo kwenye karatasi, kama wazee wa Kipolandi wanavyowakaribisha watu kwenye nyumba mpya. Tillie alipopata homa mwezi wa kumi, bibi huyo alimpakata usiku kucha ili mimi nilale. Aliniambia nyumba yetu hii aliijenga baba yake, na kwamba alizaliwa chumba cha juu.

"Ndiyo," nilisema. "Analeta."

"Na mimi aliniletea," alisema Delphine. "Siku niliyofika. Na siku niliyoondoka."

Akakata simu.

Sikumwambia mtu, hata Curtis. Ningemwambia nini? Kwamba yule bibi aliyemfuta mwanangu jasho ndiye...? Nilimwosha Yosefu kwa maji ya uvuguvugu, nikamwomba radhi, nikamweka kwenye rafu ya jikoni karibu na picha ya marehemu mama. Nilisugua dari ya Marisol. Nyayo zote zilitoka isipokuwa moja, ile niliyoiona ikijichora.

Marisol alikaa. Februari yote haikusikika hatua hata moja. Kodi ikaingia, benki ikatulia, Curtis akarudia utani wake. Nilianza hata kuimba nikiosha vyombo.

Jioni ya juzi nilirudi kutoka kazini, theluji bado iko barabarani. Kwenye ngazi ya mbele nilikuta kitu kimefunikwa kitambaa safi. Nilikigusa. Mkate, wa moto. Juu yake, karatasi yenye chumvi.

Hakuna aliyehamia. Wala hakuna anayehama.

Pembeni ya ngazi theluji ilikuwa imeyeyuka, upana wa sahani. Udongo ulikuwa mweusi, unatoa mvuke.

Niliinua macho. Bi Halina alikuwa dirishani kwake, anaosha mikono kwenye beseni, anasugua chini ya kucha. Aliponiona alitabasamu lile tabasamu lake la upendo, akanipungia.

Nami nikampungia. Mkono ulijipungia wenyewe.

Niliingia ndani mbio kuchukua kijiko. Curtis alikuwa jikoni, anakoroga supu.

"Mtoto yuko wapi?"

"Chumbani. Ana furaha leo, sijui amepata nini."

Chumbani kwetu kulikuwa na harufu ya mshumaa uliozimwa. Tillie alikuwa amelala chali kwenye kitanda chake, macho wazi, anacheka. Alikuwa ameinua mkono wake mdogo, anaipungia dari.