Vizibo Sita

Sitasema kwamba haya yalimpata jirani. Yalianzia sebuleni kwangu, mchana kweupe, nikisahihisha madaftari ya darasa la kwanza.

Mdogo wangu ni fundi cherehani. Mimba yake ilipofika miezi minane miguu ilimvimba, mumewe alikuwa safarini na lori, basi akahamia kwangu. Mkunga alikuwa amemwelekeza: kila siku, saa ambazo mtoto huchangamka, ajilaze kwa ubavu na ahesabu anavyocheza tumboni mpaka afike kumi. Mtoto akipunguza kucheza, asisubiri kesho. Aende hospitali siku hiyohiyo.

Tatizo ni kwamba mdogo wangu alikuwa akihesabu anasinzia, na akisinzia hesabu inapotea. Nikamletea vifaa vyangu vya darasani: makopo mawili, jekundu na la bluu, na vizibo kumi vya soda. Mtoto akicheza, kizibo kimoja kinahama kutoka jekundu kwenda bluu. Ting.

"Mwanao atazaliwa anajua hesabu," nilimtania.

"Akimfuata baba yake, dada, utamfelisha wewe mwenyewe."

Kila mchana vizibo vyote vilihama kabla sijafika daftari la kumi. Jumanne ile mlio ulinichosha. Nikaliinamia tumbo na kusema kwa sauti yangu ya darasani: "Wewe! Acha kucheza!"

Tulicheka mpaka akashika mbavu.

Jumatano, saa nane mchana, aliniita.

"Dada."

"Mh?"

"Vinne tu. Tangu saa sita. Na anasukuma kwa mbali, kama mtu aliyefunikwa blanketi."

Nilitazama meza. Madaftari arobaini na matatu, na mwalimu mkuu aliyataka kesho yake asubuhi. Hospitali ilikuwa mwendo wa saa nzima, ukiacha foleni. Nikamwambia maneno niliyosikia wanawake wakiambiana tangu utoto wangu.

"Amekua, nafasi imembana. Wakikaribia kuzaliwa hutulia."

"Mkunga alisema hilo si kweli."

"Lala kidogo, halafu tutaona."

Akasinzia. Mimi nikainuka taratibu. Nilichukua kizibo kimoja kwenye kopo jekundu nikakilaza kwenye la bluu, kwa ncha za vidole ili kisilie. Kisha cha pili. Kisha vingine, mpaka vikawa sita. Nilijiambia namwondolea hofu bure. Nikarudi kwenye madaftari yangu.

Alipoamka alivimwaga mapajani akavihesabu mwenyewe. Uso ukamng'aa.

"Kumi! Kumbe nimevihamisha huku nalala."

"Umeona?" nikasema.

Alhamisi asubuhi mtoto hakucheza kabisa. Hospitalini walikiweka kipimo tumboni, wakakisogeza, wakakisogeza tena. Mapigo ya moyo hayakusikika.

"Jana alicheza mara kumi," mdogo wangu aliwaambia. "Dada yangu ni shahidi."

Nikaitikia kwa kichwa.

Mwezi mmoja baadaye nilivirudisha vizibo darasani. Ningevitupa, lakini nilihisi kuvitupa ni kukiri. Mtoto wa dawati la mbele aliinua kiganja chake, kizibo kimoja juu yake.

"Mwalimu, hiki kinacheza."

"Tuendelee na hesabu, mwanangu."

"Kweli, Mwalimu. Kishike."

Nilikishika. Kilikuwa na joto, kama kimetoka kwapani mwa mtu. Kikanisukuma kiganja mara moja. Polepole.

Nikavigusa vyote kumi. Vinne vilikuwa baridi.

Nilivitia katika kopo la bluu, nikavifungia kabatini nikavaa ufunguo shingoni. Tangu siku hiyo sijawahi kumwambia mtoto yeyote aache kucheza. Lakini kila darasa lilipotulia, watoto wakiandika imla, ilisikika ting ndani ya kabati. Watoto hawakulitazama kabati. Walinitazama mimi.

Miaka miwili ikapita. Mdogo wangu akapata mimba nyingine. Safari hii alibaki kwake.

"Hayo makopo yako, dada, nisiyaone," alisema. Hakusema kwa ubaya, na hilo ndilo lililoniuma.

Mimba ilikuwa na miezi tisa kasoro siku chache. Asubuhi moja, katikati ya somo la kusoma, kabati lililia. Mara sita. Kimya. Mara sita. Kimya. Mara sita.

"Mwalimu," mtoto mmoja alinong'ona, "kuna mtu anabisha hodi."

Nililiacha darasa hivyohivyo. Nilikimbia mpaka kwa mdogo wangu nikamkuta kwenye cherehani, mguu ukikanyaga.

"Anacheza?"

Mguu ukasimama.

"Leo... kidogo. Nilidhani ni mtikisiko wa cherehani ndio unaonipoteza."

"Inuka."

"Nimalize upindo huu kwanza, dada."

"Inuka sasa hivi!"

Sikuwahi kumpigia kelele namna ile. Ndani ya saa moja baada ya kufika walishampasua. Mtoto alikuwa wa kike, na alilia.

Jioni nilikaa ukingoni mwa kitanda, maneno yangu yote yakiwa tayari. Mdogo wangu akanishika mkono.

"Ungesema tusubiri, ningempoteza na huyu. Wewe ndiye uliyemwokoa."

Nikayameza.

Kisha akamfunua mtoto ili nimwone vizuri. Mgongoni kulikuwa na duara ndogo nyekundu, kila moja ikiwa na meno pembeni kama ya msumeno. Mkunga alisema ni alama za kuzaliwa, zitafifia. Mdogo wangu alipitisha kidole juu yake, moja baada ya nyingine.

"Sita," alisema. "Wewe ndiye mwalimu wa hesabu, dada. Kwa nini sita?"

Niliporudi shuleni nilifungua kabati. Kufuli lilikuwa zima. Ndani ya kopo la bluu mlikuwa na vizibo vinne, baridi.

Alama hazikufifia. Mwaka huu mtoto huyo ameanza shule, na amepangwa darasani kwangu. Sijamwambia mama yake kitu. Kila mwaka najiambia mwakani.

Juzi mchana watoto wengine walishatoka. Nilimkuta amekaa sakafuni mbele ya kabati, kopo la bluu likiwa mapajani. Ufunguo nilikuwa nao shingoni.

"Moja, mbili, tatu, nne," alihesabu, akivipanga sakafuni kwa utulivu.

Kisha akanigeuzia mgongo, akaliinua shati la sare.

"Vingine viko hapa, mama mkubwa. Hivi utahesabu wewe."