Barakoa za Amani

Mishipa ya shingo ilimtoka Dakta Mketo, macho yakamwiva, lakini sauti iliyoingia sikioni mwa Dakta Gaudensia ilikuwa tamu kama ya mtangazaji wa redio: "Mwenzako anaomba usogee kidogo, tafadhali."

Gaudensia akacheka ndani ya barakoa yake. Alijua fika kwamba mtaalamu huyo wa usingizi amemtukana. Yeye mpasuaji na Mketo hawakupikika chungu kimoja, na ndiyo maana wakubwa wa hospitali walinunua Msuluhishi, mtambo wenye akili uliounganishwa na barakoa zisizopitisha sauti. Kila mtu alisema atakalo; mtambo ukachuja ukali, ukawafikishia wengine adabu tupu. Hata ving'ora vya mashine ulivinyamazisha, eti vinachochea ugomvi. Wakubwa wakatamba kuwa timu zao hazigombani tena. Timu gani, watu hawajasemezana miaka mitatu?

Siku hiyo mezani alilala Bi Sikudhani, mama wa mapacha wachanga, akitolewa uvimbe kwenye ini. Uvimbe ulikuwa karibu kutoka, ndipo Msuluhishi aliposema, "Dakta Mketo anashauri upumzike kidogo, ukipata nafasi."

Apumzike? Gaudensia aliona anachokozwa. Tangu lini Mketo akampangia kasi ya kisu? Akaendelea kukata. Ushauri ukaja tena, kwa upole uleule. Kisha akaambiwa kuwa muuguzi, Sista Ngonyani, anamkumbusha kuhusu damu. Hilo nalo lilimkera, maana hakuhitaji kufundishwa kazi.

Ghafla Mketo akaacha mashine zake, akampiga kikumbo na kuanza kukandamiza kifua cha mgonjwa. Moyo ulikuwa umesimama. Wote watatu walipokezana kukandamiza kwa muda mrefu, wala haukurudi.

Gaudensia aling'oa barakoa yake, na Mketo akang'oa yake.

"Uliona moyo unashindwa, ukanyamaza?"

"Nilikwambia uache."

"Uliniambia nipumzike nikipata nafasi. Mtu anakufa, Mketo, mbona hukunipigia kelele? Siku zote unanitukana, leo mbona hukunitukana?"

"Nilikutukana. Nilikwambia simama, mshenzi wewe, unamuua mama wa watu."

Sauti ya Mketo ilikuwa imekauka kabisa kwa kupiga kelele.