Malazi ya Bure Mtoni

Jirani zangu, na ninyi wageni mnaotelemka kwetu kila likizo na magari yenu ya kulala, kaeni kidogo niwasimulie. Wapo watakaosema Huguette ana mdomo. Ndiyo, ninao, na siku ile niliutumia wote, lakini haukutosha.

Ilikuwa jioni ya kuamkia Sikukuu ya Watakatifu Wote. Zabibu zilikuwa zimekwisha kuvunwa, majani ya mizabibu yamegeuka mekundu, na wanawake wa kijiji walikuwa makaburini na ndoo na brashi wakiwasugulia marehemu wao mawe. Mto wetu wa Vernède ulikuwa mkavu kama kawaida yake. Paka angeuvuka bila kulowesha ukucha.

Lakini upepo wa baharini ulikuwa unavuma tangu juzi, vuguvugu na mzito, na juu ya milima ya Cévennes palikuwa pametanda weusi kama kitako cha sufuria. Sisi huku tukiona hivyo hatuulizani. Kila mwenye gari hulitoa kwenye uwanja ulio kando ya mto na kulipandisha hadi mbele ya kanisa. Jioni ile kanisani hapakuwa na pa kupitisha hata toroli, na uwanja wa mtoni ulikuwa mtupu.

Ndipo wakafika wale wa Lille, mji wa kaskazini kabisa mwa Ufaransa. Walikuwa Gauthier Delattre na mkewe Solène, binti yao mdogo Lison aliyekuwa akikohoa, na mama mzazi wa Gauthier, Bibi Léontine. Gauthier alipouona ule uwanja mtupu alifurahi sana. Akateremka hadi kwenye changarawe yenyewe, penye tambarare, akaegesha. Alidhani amebahatika.

Sikilizeni vizuri: Gauthier hakuwa maskini. Maskini namheshimu, nami nimekuwa mmoja wao. Huyu alikuwa na kazi nzuri ya kuuzia watu bima. Ila alikuwa ameapa kuvuka nchi nzima bila kukanyaga barabara ya kulipia na bila kulala penye mlango wa mtu, na alijisifia jambo hilo kama wengine wanavyojisifia watoto wao. Walikuwa wakila mkate wa jana. Mtoto alikuwa akiogea maji baridi ya vituo vya mafuta. Bibi Léontine alikuwa akilala kwenye benchi la gari, na miguu yake ilikuwa imevimba hata viatu havifungi.

Safari yenyewe ilikuwa kwa ajili yake. Mumewe, Fernand, alikuwa mtoto wa kijiji hiki na amezikwa hapa. Tangu magoti yamsaliti, Bibi Léontine hakuwa ameliona kaburi lile. Njia nzima alikuwa amepakata chungu cha maua ya zambarau, yale tunayowapelekea marehemu siku hiyo. Walipanda kwa miguu mpaka kwangu kuomba maji ya kuyanyweshea.

Nikamwambia Gauthier asilale pale, pale ni mtoni.

"Mto uko wapi?" akaniuliza. "Mimi naona mawe tu."

"Mto umesafiri, bwana. Nyumba yake haijapangishwa."

Akacheka, kisha akakitazama kibao cha vyumba vya wageni kilicho mlangoni kwangu. "Kumbe! Mnatisha watu wapate kupanga kwenu."

Niliwaka, siwafichi. Nikamwambia basi mama yake alale kwangu bure, kitanda kipo na supu iko motoni. Mnajua alifanyaje? Alirudi nyuma hatua nzima.

"Bure ya mtu ina mlango wa nyuma," alisema. "Nimefanya biashara, nazijua hizo."

Solène akamwambia kwa sauti ya chini, "Gauthier, miguu ya mama. Usiku mmoja tu."

"Tumefika mpaka hapa bila kulipa, tuje tuharibu mwishoni?"

Bibi Léontine akamshika mwanawe mkono. "Acha, mwanangu. Sitaki mgombane kwa ajili yangu." Kisha akanigeukia. "Ila maua haya, Bi Huguette, nitunzie. Hewa ya ndani ya gari itayaua. Asubuhi nitapita kuyachukua, twende nayo kwa Fernand."

Nikayapokea. Wakashuka taratibu, yule bibi akishika kuta za nyumba, nami nikabaki mlangoni nikiwatazama.

Asubuhi kulipambazuka vizuri, na ubaya ulikuwa hapohapo. Kwetu hakukuwa kumenyesha hata tone. Jua lilitoka, kengele ya misa ikalia. Lakini milima haikuonekana kabisa. Mlinzi wa ofisi ya meya aliteremka kuwaamsha wale wageni, akawaambia juu kumenyesha usiku kucha na maji yako njiani. Alinisimulia baadaye, na mpaka leo anasimulia akitikisa kichwa. Gauthier alimuuliza swali moja tu, kama kuna faini ya kukaa pale. Mlinzi akamjibu hakuna faini, kuna maji. "Kama hakuna faini," Gauthier akasema, "tunamaliza kahawa."

Sikio la kufa halisikii dawa.

King'ora kililia wakiwa bado na vikombe mkononi. Mimi nilikuwa dirishani. Niliyaona maji yakija kwanza kama ulimi mwembamba wa kahawia, yakisukuma majani makavu, yakipita chini ya gari kwa upole. Mtu angeweza kuyaruka. Solène alimnyakua Lison akapanda naye ngazi za mawe mbio, na kutoka juu akapiga kelele, "Gauthier, mbebe mama!"

Alikuwa mwepesi, yule bibi. Mimi na umri wangu ningembeba. Gauthier alisimama mlangoni mwa gari, akamtazama mama yake, akalitazama gari. Kisha akazunguka akakaa kwenye usukani.

"Kaa hapohapo, Mama. Nalitoa gari."

Injini iliwaka. Magurudumu yakazunguka papo hapo yakijichimbia kwenye changarawe iliyolowa. Akajaribu tena, na tena. Kule juu kwenye kona ya mto ukasikika mngurumo, na maji yenyewe yakatokea, na miti mizima ndani yake. Mlango haukufunguka tena. Gari liligeuzwa ubavu, likapita mbele ya nyumba zetu, Solène akikimbia kandokando ya ukuta na kumuita bibi, si mumewe.

Gauthier alijipenyeza dirishani akanasa kwenye mti, na zimamoto wakamtoa kwa kamba. Bibi Léontine alipatikana kesho yake, maji yalipopungua, katikati ya mizabibu ya bondeni.

Kwetu marehemu hulazwa kitandani kabla ya mazishi, watu wapite kumuaga. Lakini yule alikuwa mgeni, hana nyumba hapa. Basi wakampandisha kwangu, nikamtandikia kitanda kilekile, shuka zilezile nilizokuwa nimezitoa kabatini jioni ile. Gauthier aliketi kando yake. Alipoinuka alitia mkono mfukoni, akatoa pochi iliyolowa matope, akaniuliza kile chumba ni kiasi gani.

Nikamwambia, "Nilikwambia ni bure."

Alilia hapo, kilio cha mtu mzima ambacho sitaki kukisikia tena. Bibi Léontine tulimzika pamoja na Fernand wake, na maua yake nikayabeba mimi mwenyewe. Halikuwa limenyauka hata moja.

FUNZO

Kubana matumizi si dhambi. Wengi wetu tumelea watoto kwa kubana. Ubahili ni kitu kingine: humfanya mtu aone kila onyo ni biashara na kila mkono ulionyooshwa ni mtego, mpaka anauamini mto kuliko watu. Mkifika ugenini mkakuta wenyeji wameondoa magari yao mahali, msishangilie nafasi. Ulizeni wameyaondoa kwa nini. Na mkiwa na mzee ndani ya gari, mtoeni yeye kwanza. Gari liacheni liende.