Jua Haliwekewi Mzigo

Sola haikuwapo juu ya paa.

Inspekta Walburga Haule alisimama katikati ya uwanja, akatazama juu. Ilibaki fremu ya chuma peke yake, imekenua kama kinywa cha mtoto aliyeng'oka meno ya mbele. Nyuma yake, chini ya turubai la msiba, waombolezaji walikuwa wanakunywa uji. Walikuwa wanakunywa polepole, maana macho yote yalikuwa kwake.

Mwenye nyumba hiyo ya mtaa wa Mfaranyaki, Bibi Skolastika Mapunda, alizikwa jana mchana. Watu wote walikwenda makaburini. Waliporudi, wakakuta paa tupu.

"Mwizi tunaye, Afande," alisema mzee mmoja mrefu aliyevaa koti la mvua. "Wala usijisumbue kupanda ngazi."

"Wewe nani?"

"Aidani Mapunda. Mdogo wa marehemu. Nimekuja kutoka Lusewa kuzika, nakuta dada yangu kaibiwa hata udongo wa kaburi haujakauka."

"Sola ilikuwa ya dada yako?"

"Paa la nani?" aliuliza Aidani. "Kilicho juu ya paa ni cha nyumba."

Wapangaji waliokuwa wamesimama mlangoni mwa vyumba vyao waliguna. Mama mmoja akafyonza waziwazi.

Inspekta Walburga aliielewa ile miguno. Umeme wa nguzo uliishia nyumba kubwa. Vyumba vya uani havikuwahi kuuona. Mwaka jana wapangaji walichanga, wakanunua sola yao. Uwanja huu ukawa wa kwanza mtaani wapangaji kuwasha taa yao wenyewe.

Aliyewaongoza alikuwa Noela Ndunguru, mshauri wa umeme wa jua wa mtaa, mpangaji kama wao, nyumba ya pili. Hakuuza kitu. Kazi yake ilikuwa kukaa na watu, kuwaeleza sola ipi inatosha taa ngapi, namna ya kuzungumza na mwenye nyumba, na namna ya kuitunza.

"Ni huyo," alisema Aidani, akinyoosha kidole.

Noela alikuwa amesimama karibu na bomba, mtoto mgongoni. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na kitu. Hakuinamisha kichwa.

"Jana aliondoka makaburini kabla ya sala kwisha," Aidani aliendelea. "Huku nyuma alibaki yeye peke yake. Muulize."

"Ni kweli, Noela?"

"Kweli, Afande. Mtoto alikuwa analia njaa. Nilirudi chumbani kwangu kumnyonyesha."

"Uliona mtu?"

"Sikuona. Nilisikia. Mtu alikuwa juu ya bati huku, anaimba zile nyimbo za watani za kumsengenya marehemu. Nikacheka tu. Nikasema moyoni, watani wameanza."

Hapo hakuna aliyeshangaa. Katika msiba, mtani ana ruhusa. Atavaa gauni la marehemu, atalala mbele ya jeneza, atabeba sufuria la wali na kulificha mpaka akombolewe. Mtu akisikia mtani juu ya bati, hatoki hata kuchungulia.

Koplo Egidi alishuka kwenye ngazi, jasho linamtoka.

"Nati zote nne zimefunguliwa kwa spana, Afande. Hakuna kilichovunjwa. Alama za vidole hakuna, fremu imefutwa. Ila nimekuta hivi kwenye ncha za nyaya."

Alifungua bahasha ya vielelezo. Ndani kulikuwa na vipande viwili vya kitambaa cha bluu, vyembamba kama kidole. Mwizi alikuwa amezifunga ncha za nyaya, moja moja, asije mtu akazigusa.

Bluu ile kila mtu aliijua. Ndiyo ya vilemba vya akina mama wa jumuiya, walivyovaa jana kumzika mwenzao.

"Noela," alisema Inspekta, "kilemba chako kiko wapi?"

"Nimekifua. Mtoto alikitapikia. Kilikuwa kwenye kamba, asubuhi sikukiona."

"Mmesikia!" alipiga kelele Aidani. "Mmesikia wenyewe!"

Kwenye kibaraza cha chumba cha kwanza, mzee mmoja aliyeketi nyuma ya cherehani alifungua mdomo, akaufunga. Huyo alikuwa Fulgence Komba, fundi nguo, mwenyekiti wa wapangaji. Inspekta alimwona.

"Unataka kusema kitu, fundi?"

"Hapana, Afande. Nimekohoa tu."

*

Kituoni, Inspekta Walburga alimpa Noela kiti chake mwenyewe, chenye mgongo, maana mtoto alitaka kunyonya. Yeye akakaa kwenye benchi. Naye alikuwa na wake nyumbani, wa kwanza, ndiyo kwanza anaota meno.

"Kesho mchana viwanja vingine vya mtaa vinakutana," alisema Noela kwa sauti ndogo. "Wanaamua kama na wao watanunua. Nimewazungukia mwaka mzima, Afande. Mwenye nyumba huyu anakataa, yule anaogopa, mpangaji naye anasema mimi ni wa kuhama tu, taa ya nini. Wamefika mahali wamekubali. Sasa wataambiwa mshauri wao ni mwizi. Nani atanifungulia mlango tena?"

"Ukifundisha watu, unawaambia nini kuhusu kuifungua sola?"

"Nawaambia lifunike jua kwanza, ndivyo tunavyoiita sola. Maana hata ukizikata nyaya, jua la angani likiwaka bado sola inatoa umeme. Halafu funga ncha za nyaya, watoto wasishike. Halafu ndiyo uishushe."

"Wewe ungezifunga kwa kitambaa?"

"Mimi natembea na utepe wa umeme mfukoni. Huu hapa. Kitambaa cha nini?"

Inspekta aliutazama utepe mweusi. Kisha akavichukua tena vile vipande vya bluu, akavisogeza dirishani.

"Egidi, njoo. Ukichana kilemba cha mtu, kingo zinakuwaje?"

"Zinachambuka nyuzi, Afande."

"Hizi je?"

Koplo aliinamisha uso. "Hazijachambuka. Zimekunjwa. Zimepigwa pindo."

"Pande zote nne. Kitambaa cha kufungia waya, kwenye paa, haraka haraka, mtu anaogopa kukamatwa." Inspekta alitabasamu kidogo. "Nani huyo asiyeweza kuacha kitambaa bila pindo hata akiwa anaiba?"

*

Kabla ya yote alimtafuta mtani. Nassoro, Myao wa Nalasi na mtani wa Wangoni hawa, alikuwa nyuma ya nyumba ya msiba, amevaa gauni la marehemu juu ya suruali, anamenya korosho.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kunifunga? Nifunge, lakini gauni hili silivui, limenikaa."

"Jana ulipanda juu ya bati?"

"Mimi nilikuwa makaburini, nimelala ndani ya kaburi, nimekataa kutoka mpaka Wangoni wanikomboe kwa jogoo. Muulize padri, alikasirika sana."

"Basi mwenzako."

Nassoro aliacha kumenya. Uso wa mzaha ukamtoka.

"Sikiliza, binti yangu. Mtani anaiba mbele za watu. Utani unataka kelele, unataka wa kucheka na wa kununa. Nikiiba peke yangu, watu wote wako makaburini, huo si utani. Huo ni wizi umevaa gauni langu. Wallahi, huyo aliyeimba juu ya bati si mtani. Ni mwoga."

*

Kibarazani kwa Fulgence cherehani ilikuwa imenyamaza. Pasi ya mkaa ilikuwa inatoa moshi kwenye jiwe. Pembeni kulikuwa na meza ya kukatia nguo, imefunikwa shuka mpaka chini.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele na milele, amina."

"Nishikizie kifungo, fundi. Sare imeniaibisha."

Alivua koti lake la sare, akampa. Fulgence alitunga uzi. Inspekta alitazama mshono mmoja, wa pili. Alipomaliza, fundi aligeuza koti, akaona upindo wa ndani umelegea, naye bila kuombwa akaanza kuushona.

"Huwezi kuacha, eh?"

"Pindo likiachwa, nguo yote inakwenda," alisema mzee.

"Jana makaburini ulisimama upande gani?"

"Nyuma. Nyuma kabisa."

"Na nani?"

"Na... watu."

Inspekta alinyanyuka. Akaishika ile pasi ya mkaa kwa mpini, nzito, ya moto, akaipeleka juu ya meza ya kukatia.

"Usiweke hapo!"

Fulgence aliruka kama kijana. Alimshika Inspekta wa Polisi mkono.

"Hapo hapawekwi kitu! Jua haliwekewi mz..."

Maneno yale kila mpangaji wa Mfaranyaki aliyajua. Noela aliyarudia kila somo, mpaka watoto wakayafanya wimbo wa kuruka kamba: jua haliwekewi mzigo, jua haliwekewi mzigo.

Inspekta alirudisha pasi kwenye jiwe. Akalifunua shuka. Chini yake kulikuwa na mfuko wa kitambaa cha bluu, umeshonwa kwa kipimo, una pindo pande zote. Ndani ya mfuko, sola imelala, haina hata mkwaruzo.

"Koplo, kielelezo. Fulgence Komba, huna lazima ya kusema neno lolote, ila utakalosema litaandikwa na laweza kutolewa ushahidi mahakamani. Umenielewa?"

"Nimeelewa." Mzee alikaa chini, kwenye sakafu. "Mimi ndiye. Nilitoka makaburini wanapoanza litania. Niliimba ili wadhani ni watani."

"Kwa nini uibe mali yako na ya wenzako?"

"Sikuiba, nilificha! Siku aliyofariki Bibi nilimsikia Aidani na wenzake. Wanasema siku ya kuanua tanga wanagawana vya marehemu, na sola imo. Inakwenda Lusewa. Nilimwambia ni yetu. Akaniuliza, ninyi mna nini, wapangaji? Mwenzangu, tangu nimekuja mjini nimepanga. Sijawahi kuwa na kitu juu ya kichwa changu ambacho ni changu. Ile sola ndiyo ya kwanza. Jioni naangalia madirisha matano yanawaka, nasema, hii ni kazi yetu."

"Na kilemba cha Noela?"

"Sikukigusa! Vipande vyangu ni mabaki ya vile vilemba nilivyowashonea. Hicho cha kwake labda kimepeperuka."

"Hakijapeperuka," alisema Koplo Egidi. "Mbuzi anakitafuna kule nyuma ya choo."

Inspekta hakucheka. "Lakini ulipoona anashikwa, ukakohoa."

Fulgence alifunika uso. "Nilikohoa. Nitajibu kwa Mungu kwa kikohozi kile."

"Bibi alikubali mbele ya nani sola iwe yenu?"

"Noela ndivyo anavyofanya. Mwenye nyumba anatamka mbele yetu na mbele ya mtu mmoja asiyekaa hapa. Ila huyo mtu wa nje ni Nassoro, alikuwa ameleta korosho. Mtani! Nikasema, nani atapokea neno la mtani? Watacheka tu."

Inspekta Walburga alivaa koti lake. Upindo ulikuwa umekaza vizuri.

"Hapo ndipo ulipokosea, mzee wangu."

*

Asubuhi ya kuanua tanga ukoo ulikaa mikekani. Aidani alikuwa ameanza kutaja vyombo vya dada yake alipomwona Inspekta anaingia, Noela pembeni yake, na Egidi nyuma amebeba sola. Vigelegele vilitaka kulipuka. Inspekta akainua mkono.

Fulgence alisimama wa kwanza. Alisema yote, bila kujifunika. Kisha akapiga magoti mbele ya Noela, mzee wa mvi kwa binti wa umri ule.

"Inuka, babu," alisema Noela, machozi yanamlengalenga. "Inuka, unanitia laana. Umelifunika jua, umefunga nyaya. Basi angalau masomo uliyashika."

Watu walicheka, na kile kicheko kikafungua vifua.

"Vizuri," alisema Aidani. "Sola imepatikana. Tuendelee kugawa."

"We Mngoni!" Sauti ilitoka nyuma. Nassoro alikuja katikati na gauni lake. "Ninyi mkikosa vita mnapigana na paa! Hebu kaa. Dada yako alinikalisha pale, kwenye ngazi ile. Akasema, wewe Myao kaa uwe shahidi, maana uongo wako watu hawausahau, basi hata ukweli wako hawatausahau. Kisha akatamka: kilichofungwa kwa nati ni cha mpangaji. Siku akihama atakifungua, kama anavyokunja mkeka wake. Mtani anatania kila kitu, Aidani, anatania hata jeneza. Neno la marehemu hatanii. Nikatae hapa, mbele ya tanga lake, kama unaweza."

Kumkatalia mtani penye msiba ni kutafuta fedheha ya maisha. Aidani alitazama huku na huku. Hata nduguze walikuwa wanatazama mikeka.

"Alisema hivyo?" aliuliza mwishowe, sauti imeshuka.

"Alisema. Akaongeza kwamba ukija kubisha, uko hivyo tangu utotoni."

Aidani alicheka bila kupenda. "Huyo ni dada kweli. Wapandishe, basi. Wapandishe sola yao."

Inspekta aliwageukia wapangaji. "Wizi unataka nia ya kumnyima mwenye mali. Jalada litakwenda kwa mkuu wangu na maelezo yenu. Mnasemaje?"

"Mzee wetu!" walijibu kwa pamoja. "Tumuache! Ila atushonee mfuko kila uwanja!"

Mkutano wa mchana haukufanyika mahali pengine. Wapangaji wa viwanja vingine walikuja palepale, na wenye nyumba wachache, wakasimama mpaka barabarani. Noela hakuhutubia. Alimshusha mtoto mgongoni, akampa Inspekta Walburga amshike, akaegemeza ngazi ukutani. Fulgence alipanda mwenyewe, sola imefunikwa kitambaa chake cha bluu. Nati ya kwanza, ya pili, zote nne.

"Afande," alinong'ona Egidi, "mtoto anakutemea sare."

"Muache. Noela!" aliita Inspekta. "Mimi nimepanga Bombambili, uani, vyumba sita. Kwetu unakuja lini?"

Watu waligeuka kumtazama askari mwenye nyota mabegani ambaye naye, kumbe, alikuwa mpangaji. Noela alicheka kwa sauti, mkono kiunoni, shingo imesimama.

"Uniletee mwenye nyumba wako kwanza, Afande, atamke!"

Kisha akainua uso juu ya bati.

"Nyaya tayari, babu?"

"Tayari, mwalimu."

"Basi lifunue."

Fulgence alishika pindo la kitambaa, akakivuta. Mlangoni mwa chumba cha kwanza, mchana kweupe, taa ikawaka, na hakuna aliyesema izimwe.